Kuzunguka viwanja vya besiboli vya Marekani kwa gari na familia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tunaulizwa na Waswahili wenzetu wanaoishi Marekani, na ndugu wanaokuja kutembea wakati wa likizo za shule. Yameanzia kwenye mambo ya mwanzo kabisa hadi yale yanayomhusu mtu mmoja mmoja. Soma lile linalokuhusu. Pale jambo lilipokwishaelezwa, tumetaja swali la kutazama.

## Mambo ya mwanzo

Sisi ni watu wa soka. Besiboli ina nini hata tuzunguke nchi nzima?

Ina viwanja visivyofanana. Sheria zimepanga vipimo vya ndani tu: kutoka kituo kimoja (alama ya chini ambayo mpigaji huikimbilia) hadi kingine ni futi 90, yaani mita 27 na ushei, na mrushaji husimama mita 18.4 kutoka kwa mpigaji. Uzio wa nje kila mji uliujenga ulivyoweza, kufuatana na mtaa, reli au mto ulioukuta pale. Boston walibanwa na barabara upande wa kushoto, wakainua ukuta wa zaidi ya mita 11. Mpira ambao kwingine ungekuwa umeshatoka, pale unagonga ukuta na kurudi mchezoni. Wrigley Field ya Chicago ina ukuta wa matofali uliofunikwa na majani yaliyopandwa mwaka 1937. Mpira ukizama ndani ya majani hayo, mlinzi anainua mikono juu na mpigaji anapewa vituo viwili. Pittsburgh nako, pigo zito la upande wa kulia linaweza kuishia mtoni.

Halafu kuna mwendo wa mchezo wenyewe. Kati ya mrusho mmoja na mwingine kuna nafasi ya mtoto kuuliza na kujibiwa, na ya mama mkwe kusimuliwa kilichotokea. Mchezo hauwanyamazishi watu, na familia iliyotoka kukaa garini saa nyingi inahitaji hilo.

Inabidi tujue sheria kwanza?

Hapana. Aliyecheza rounders shule ya msingi Kenya ameshafika nusu ya njia. Timu mbili zinapokezana kupiga na kulinda kwa awamu tisa. Inayopiga huendelea mpaka watu wake watatu watolewe. Mpigaji akizunguka vituo vyote vinne na kurudi alipoanzia, timu inapata alama moja. Hakuna sare: alama zikilingana, awamu zinaongezwa mpaka mshindi apatikane. Mengine mtafundishwa na jirani wa kiti, maana mashabiki wa besiboli wanapenda sana kueleza.

Tangu mwaka 2023 kuna saa inayomhesabia mrushaji sekunde, na mwaka huo wastani wa mchezo ulishuka hadi karibu saa mbili na dakika arobaini. Aliyewahi kuona mchezo wa zamani wa saa tatu na zaidi akachoka, ajaribu tena.

Viwanja vya ligi kuu ni vingapi?

Timu ni 30. Ishirini na tisa ziko Marekani na moja iko Toronto, Kanada. Zimegawanyika katika ligi mbili, National League iliyoanza 1876 na American League iliyojitangaza ligi kuu mwaka 1901. Chini yake kuna timu ndogo 120 zinazolea wachezaji wa timu kubwa. Tazama swali la mji usio na timu kubwa.

Msimu ni lini, na mwezi upi ni mzuri?

Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba. Kila timu hucheza mechi 162, nusu yake nyumbani. Wenye watoto wa shule wanabaki na Juni, Julai na Agosti, na kati ya hiyo sisi tunachagua Juni, kabla joto halijakolea. Chunga katikati ya Julai: ligi husimama siku kadhaa kwa ajili ya mchezo wa nyota, na siku hizo viwanja vingine vyote havina mechi. Aprili tiketi ni rahisi, lakini Minneapolis, Chicago na Boston bado kuna baridi inayoweza kumfukuza mtoto kabla ya awamu ya tatu.

Joto la Texas na Arizona lisiwatishe. Arlington, Houston na Phoenix wana paa linalofungwa, na pia Miami, Milwaukee, Seattle na Toronto.

## Kupanga njia

Tuanze na ramani au na ratiba?

Ratiba. Timu hukaa nyumbani takriban wiki moja, kisha husafiri takriban wiki moja. Ukichora njia nzuri kwenye ramani halafu ukafika Cleveland timu ikiwa Seattle, utaona geti tu. Andika miji unayoitaka, chukua ratiba ya kila timu, uweke alama siku ambazo wako nyumbani, ndipo uangalie barabara. Kwenye miji yenye timu mbili, kama Chicago na New York, mara nyingi moja inakuwa nyumbani nyingine ikiwa safarini. Usitegemee kuziona zote kwa siku mbili bila kuhakikisha.

Njia ipi inafaa kwa mara ya kwanza?

Ya katikati ya nchi, kuzunguka maziwa makuu na mto Ohio. Umbali ni wa kuvumilika, hoteli si ghali kama pwani, na kila kituo kina cha watoto.

Anzia Chicago. Milwaukee ni kilomita 150 kaskazini, mwendo wa asubuhi moja. Kule fikeni mapema, kwa sababu watu huchoma nyama kwenye maegesho kabla ya mechi, na familia zetu hujisikia nyumbani palepale. Ndani kuna mbio za watu waliovaa kama soseji, na kwa watoto hakuna kinachozidi hapo. Rudini kupitia Chicago mwende Detroit, karibu kilomita 450 kutoka Chicago. Uwanja wake una bembea ya kuzunguka yenye chui milia badala ya farasi, na gurudumu kubwa la kupanda ambalo vibanda vyake vina umbo la mpira. Cleveland ni kama kilomita 270 mbele, na Pittsburgh 215 kutoka hapo.

Kutoka Pittsburgh mnaweza kufunga safari, au mkashuka Cincinnati, mji uliotoa timu ya kwanza iliyolipa wachezaji wake wote waziwazi mwaka 1869. Kutoka Cincinnati hadi Louisville, Kentucky, ni saa moja na nusu hivi. Louisville haina timu ya ligi kuu, lakini msiipite. Kuna kiwanda na makumbusho ya magongo ya Louisville Slugger, na nje limesimamishwa gongo la urefu wa futi 120, mita 36 na nusu, limeegemea jengo. Anayetembezwa kiwandani huondoka na gongo dogo la bure. Jamaa kutoka Kongo waliohamishiwa Kentucky ni wengi, na baadhi yao wanaishi mwendo mfupi tu kutoka hapo bila kuingia. Ingieni.

Mwenye wiki ya ziada aendelee magharibi: St. Louis, halafu Kansas City, kilomita 400 zaidi. Kansas City tumeiwekea swali lake hapo chini.

Na pwani ya mashariki?

Boston, New York, Philadelphia, Baltimore na Washington zimepangana kwenye barabara moja, na hakuna hatua inayozidi saa nne au tano. Gharama ndiyo mzigo: ada za barabara, maegesho, hoteli. Wekeni kifaa cha kulipia barabara kabla ya kuondoka. Boston na New York acheni gari hotelini mpande treni.

Tuendeshe saa ngapi kwa siku?

Saa nne au tano, na siku ya mechi zisizidi tatu. Viwanja vitatu kwa wiki vinawatosha watoto. Kuna wanaoviona sita kwa wiki, na watoto wao wakiulizwa hukumbuka vituo vya mafuta.

Ndugu yangu amekuja kutoka Dar es Salaam. Anaweza kunisaidia kuendesha?

Mara nyingi ndiyo, lakini kila jimbo lina sheria yake, kwa hiyo soma sheria za majimbo yote mtakayopitia. Aje na leseni yake halali na leseni ya kimataifa aliyoichukua nyumbani. Huku haitolewi kwa mgeni. Kama gari ni la kukodi, jina lake liandikwe kwenye mkataba, la sivyo bima inaweza isimhesabu. Wenye umri chini ya miaka 25 kwa kawaida hutozwa zaidi. Na kwa kuwa Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, mpe kwanza barabara kuu iliyonyooka. Asianzie katikati ya jiji.

Watoto wadogo lazima wakae kwenye viti vyao maalumu. Umri na uzito hutofautiana kwa jimbo. Fuata sheria iliyo kali kuliko zote njiani.

Tukiwa na nafasi ya viwanja vitatu tu, viwe vipi?

Fenway Park, Boston, uliofunguliwa Aprili 1912. Ndio mkongwe kuliko vyote vya ligi kuu. Viti vyake vinabana magoti, na upande wa kulia kuna kiti kimoja chekundu katikati ya vya kijani. Kinaonyesha pigo la Ted Williams, mchezaji wa Boston, la mwaka 1946 lililopimwa futi 502. Mpeleke mtoto akitafute.

Wrigley Field, Chicago, wa 1914. Haukuwa na taa za kuchezea usiku hadi Agosti 1988, na mpaka leo mechi zake nyingi ni za mchana. Ubao wa matokeo unabadilishwa kwa mkono. Wenyeji wakishinda, bendera nyeupe yenye herufi W inapandishwa juu yake.

PNC Park, Pittsburgh, wa 2001. Kaeni viti vya juu nyuma ya mpigaji. Mtaona mto Allegheny, daraja la manjano na jiji lote nyuma yake. Daraja lina jina la Roberto Clemente, mchezaji kutoka Puerto Rico aliyefariki Desemba 31, 1972, ndege yake ilipoanguka akipeleka misaada kwa walioathirika na tetemeko la ardhi Nicaragua. Siku za mechi magari hayapiti, watu wanavuka kwa miguu. Ukuta wa upande wa kulia una urefu wa futi 21, kwa sababu jezi yake ilikuwa namba 21. Waelezeni watoto habari hiyo mkiwa juu ya daraja.

## Tiketi na siku ya mechi

Tiketi ni ghali?

Bei hupanda na kushuka kama nauli ya ndege. Jumatatu hadi Alhamisi ni rahisi kuliko mwisho wa wiki, na mpinzani mwenye jina hupandisha bei. Timu nyingi huwaingiza bure watoto wachanga wanaopakatwa, ila umri wa kikomo si mmoja. Mechi ya mchana ya Jumatano au Alhamisi ndiyo tunayoipenda: bei nafuu, na mnabaki na jioni ya kuendesha kwenda mji unaofuata.

Tufike saa ngapi?

Mechi ya saa moja na dakika tano usiku, milango hufunguliwa saa kumi na moja na nusu jioni au mapema zaidi. Fikeni milango inapofunguliwa. Uwanja hauna watu wengi, na viwanja vingi huwaruhusu watoto washuke karibu na ukingo kutazama maandalizi. Hapo ndipo mpira na saini hupatikana kwa urahisi. Jumapili viwanja vingi huwaachia watoto wakimbie kuzunguka vituo baada ya mechi. Angalia kwenye kalenda ya timu, na ukiikuta siku hiyo panga safari yote kuizunguka.

Tunaweza kuingia na mabegi na chakula?

Kwenye viwanja vingi chakula cha nyumbani na chupa ya maji iliyofungwa vinaruhusiwa, jambo linalowashangaza waliozoea viwanja vya michezo mingine. Mabegi ndiyo yana masharti. Kuna wanaokataa begi la mgongoni kabisa, wengine wanataka la kuonekana ndani, na vipimo havilingani. Begi la mtoto mchanga na la dawa kwa kawaida linapita. Soma ukurasa wa uwanja husika usiku wa kuamkia mechi, hata kama mlishawahi kwenda.

Chakula cha halali kitapatikana? Na swala?

Hotidogi inayoandikwa kuwa ya ng'ombe tupu haimaanishi imechinjwa kihalali. Samaki, viazi, bisi, karanga na aiskrimu vipo karibu kila uwanja, ila uliza mafuta yamekaangia nini. Sisi tunaongozana na wali na mboga kwenye vyombo laini, na hatujawahi kuvijutia. Kwa swala, nenda dawati la huduma kwa wageni uombe mahali tulivu. Mechi za jioni za kiangazi hukutana na magharibi katikati ya mchezo, kwa hiyo uliza mapema. Pombe inauzwa kila mahali. Baadhi ya viwanja vina sehemu za familia ambako hairuhusiwi, na inabidi uzitafute wakati wa kununua tiketi.

Mpira unaorukia watazamaji ni hatari kwa mtoto?

Ni hatari ya kweli. Mpira una uzito wa gramu 142 hadi 149, ni mgumu, na unakuja kwa kasi. Viwanja vyote vya ligi kuu vina wavu nyuma ya mpigaji na pembeni hadi mwisho wa vibanda vya wachezaji, vingine mbali zaidi. Mwenye mtoto mdogo akae nyuma ya wavu au juu. Akikaa mahali pasipo na wavu, simu ikae mfukoni mrushaji anaporusha.

Mvua ikinyesha?

Mchezo husimama, watu hujisitiri kwenye korido, na mara nyingi huendelea. Ukiahirishwa, tiketi hutumika tarehe mpya. Kwa msafiri hilo ni tatizo, maana tarehe hiyo atakuwa mbali. Uliza palepale kama inaweza kubadilishwa kwa mechi nyingine. Katika safari ndefu acheni siku moja tupu karibu na uwanja mnaoutaka kuliko vyote.

## Kumbukumbu za kuweka

Tukusanye nini?

Kitu kimoja cha aina moja kutoka kila uwanja, kwa kila mtoto. Beji ya chuma, kibendera cha pembetatu, kikombe cha plastiki, mpira wenye nembo, chochote, mradi aina isibadilike njiani. Mtoto aliyechagua beji atakuwa na ubao wa beji, na kila moja itamkumbusha mji. Aliyenunua kila kilichomvutia atakuwa na mfuko wa vitu.

Kuna tunachokipa heshima kuliko vyote: kadi ya kuandikia mchezo. Ni karatasi yenye visanduku, na unaandika kila mpigaji alichofanya. Inauzwa kwa bei ndogo uwanjani, au unaichapa nyumbani. Mtoto wa miaka tisa anaweza kujifunza alama zake kwa mechi mbili. Kofia inaonyesha kwamba dukani ulifika. Kadi yenye mwandiko wa mtoto inaonyesha kwamba alikaa, akatazama, na alijua ni nani aliyepiga awamu ya sita.

Kuna za bure?

Nyingi. Timu nyingi hutoa cheti cha mechi ya kwanza: nenda dawati la huduma kwa wageni, taja jina la mtoto, wanakuandikia. Vikombe vya soda vyenye picha huachwa chini ya viti vikiwa vizima, vikusanyeni, vioshwe. Aiskrimu kwa kawaida huuzwa ndani ya kofia ndogo ya plastiki ya timu, na hiyo nayo unaondoka nayo.

Na kuna namba 42. Jackie Robinson aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers Aprili 15, 1947, mchezaji wa kwanza Mweusi katika ligi kuu ya karne ya ishirini. Mwaka 1997 namba yake ilistaafishwa kwa timu zote, yaani haipewi tena mchezaji mwingine, na viwanja huionyesha: ukutani, kwenye paa, au pamoja na namba nyingine zilizostaafu. Tunapofika uwanja mpya watoto huitafuta kwanza, kisha wanapigwa picha nayo. Haina gharama, na mwisho wa safari mna mfululizo wa picha wenye maana.

Mpira tukiudaka ni wetu?

Ndiyo. Uliovuka kuingia kwa watazamaji ni wa aliyeupata, na hakuna atakayeudai. Ukiupata, utazame vizuri kabla ya kuuweka. Una mishono miwili miwili 108 iliyoshonwa kwa mkono nchini Costa Rica. Kama rangi yake imefifia kuwa ya udongo, ni kwa sababu kabla ya mechi mipira hupakwa matope maalumu yanayochotwa upande wa New Jersey kwenye vijito vya mto Delaware, ili isiteleze mkononi. Usiuoshe. Doa la gongo na matope ndivyo vinavyouweka mbali na ule wa dukani.

Uwanjani kuna desturi nzuri: mtu mzima akidaka na jirani yake ni mtoto, mara nyingi humpa. Mfundishe wako kushukuru kwa sauti.

Tiketi ni za kwenye simu sasa. Tutaweka nini?

Piga picha ya skrini kabla mechi haijaanza, kwa sababu baadaye inaweza kutoweka kwenye programu. Baadhi ya timu huuza tiketi ya karatasi ya kumbukumbu yenye tarehe ya siku hiyo. Uliza ofisi ya tiketi. Na kadi ya mchezo, tuliyoieleza juu, ina tarehe, timu na matokeo.

Kuna kitabu cha kugonga mihuri?

Vipo, vimetengenezwa kama pasipoti, ukurasa kwa kila uwanja. Mahali pa muhuri hutofautiana na si kila uwanja unao, kwa hiyo uulizie mkifika. Palipokosekana, watoto wabandike kipande cha karatasi ya chakula au ramani ya maegesho waandike tarehe.

Kofia ya NY iko hata Kariakoo. Kuna maana kuinunua New York?

Kwa mtu wa nyumbani anayeivaa kila siku bila kujua inatoka wapi, ndiyo: mpelekee, umweleze ni ya timu gani na uwanja ulikuwaje. Kwenu wenyewe, kofia isiyo na mwaka wala jina la uwanja haitofautiani na ile ya mtumba wa Gikomba. Tafuteni yenye alama ya pekee ya pale, mfano ya uwanja wenyewe badala ya timu.

Vipi sanamu ndogo za kichwa kinachotikisika?

Hutolewa bure siku maalumu kwa watu elfu kadhaa wa kwanza. Kalenda ya timu inataja siku na idadi. Foleni huanza mapema, na ukifika muda wa mechi hukuti kitu.

Tunajuaje kama kitu kinachosemwa kilitumika mchezoni ni halisi?

Tangu 2001 ligi ina mpango wa uthibitisho: mashahidi hukaa uwanjani wakati wa mechi na kubandika stika yenye namba kwenye mipira, magongo, vituo na jezi. Unaingiza namba hiyo kwenye tovuti ya ligi, unaona tarehe na tukio. Kisicho na stika, kiwe na hadithi nzuri kiasi gani, usikilipie bei ya kilichotumika. Baadhi ya maduka ya viwanja huuza mipira ya namna hii kwa bei inayovumilika kama haikuhusika na tukio kubwa.

Saini ziandikwe kwa kalamu gani, na mpira utunzwe vipi?

Kalamu ya kawaida ya wino wa bluu. Kalamu za wino mzito husambaa kwenye ngozi ya mpira baada ya miaka. Weka kwenye kisanduku cha plastiki, mbali na dirisha, maana jua hufuta saini.

## Watoto wetu na historia hii

Watoto wetu Waafrika watajiona wapi katika mchezo huu?

Kansas City, mtaa wa 18 na Vine. Makumbusho ya Negro Leagues yapo hapo, yaliyoanzishwa 1990. Wachezaji Weusi walipofungiwa mlango wa ligi kuu, walijenga za kwao, na ile ya kwanza iliyodumu, Negro National League, iliundwa katika mji huohuo mwaka 1920 chini ya Rube Foster. Ndani kuna uwanja mdogo wenye sanamu za shaba za wachezaji wake wakubwa. Unapoingia unautazama kupitia wavu tu, na mpaka umalize historia yote ndipo unaruhusiwa kuukanyaga. Mtoto anaelewa bila kuelezwa. Mwaka 2024 ligi kuu iliingiza takwimu za ligi hizo kwenye vitabu vyake, na Josh Gibson, aliyefariki 1947 bila kuruhusiwa kucheza huko, sasa anaongoza wastani wa kupiga wa maisha yote kwa .372, yaani karibu mara 37 katika kila 100 pigo lake lilimfikisha kituoni. Tengeni nusu siku, mechi iwe jioni.

Pittsburgh tena: Aprili 26, 2017, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa mzaliwa wa kwanza wa bara la Afrika kucheza ligi kuu, katika PNC Park, na mara yake ya kwanza kupiga akafika kituoni.

Na kuna Williamsport, Pennsylvania, ambako kila Agosti hufanyika mashindano ya dunia ya watoto. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza pale, wakaifunga timu ya Oregon 3 kwa 2. Mwaka mmoja kabla, timu nyingine ya Uganda ilifuzu ikanyimwa viza. Kiingilio ni bure, na nyuma ya uwanja kuna mlima ambao watoto huteleza juu ya makaratasi ya maboksi. Kwa familia inayotoka Pittsburgh kwenda New York, kuchepuka huku kunalipa.

## Hali za pekee

Tunaweza kuvuka kwenda Toronto?

Inategemea karatasi zenu. Mwenye ukaazi wa kudumu wa Marekani huingia Kanada bila viza akiwa na pasipoti halali ya nchi yake na kadi ya ukaazi. Wenye viza za muda waangalie masharti ya kuingia Kanada na ya kurudi. Mkimbizi au mwenye kesi ya hifadhi asikaribie mpaka kabla ya kuzungumza na mwanasheria wake. Viwanja 29 vinatosha kwa sasa.

Mbona ramani yetu inaonyesha timu Oakland?

Ni ya zamani. Athletics waliondoka Oakland baada ya msimu wa 2024 na wanachezea West Sacramento wakisubiri uwanja wa Las Vegas. Tampa Bay nao walicheza 2025 kwenye uwanja wa kuazima mjini Tampa, baada ya kimbunga Milton kurarua paa la uwanja wao Oktoba 2024. Majina ya viwanja pia hubadilika wadhamini wakibadilika. Tumieni ratiba ya msimu husika.

Mji wetu hauna timu kubwa. Tufanye nini?

Nendeni kwenye timu ndogo. Tiketi ni nafuu, mnakaa karibu, wachezaji huzungumza na watoto, na kofia zao zina michoro ya ajabu ambayo watoto huipenda. Kwa familia yenye bajeti ndogo, safari nzima ya viwanja vya namna hii inawezekana, na si ya daraja la pili.

Viwanja vilivyobomolewa vinahesabiwa?

Kwetu ndiyo, kama kuna cha kugusa. Pittsburgh bado kuna kipande cha ukuta wa Forbes Field karibu na chuo kikuu. Atlanta, palipokuwa na uwanja wa zamani, kuna alama pale mpira wa mchezaji Hank Aaron ulipovukia uzio Aprili 8, 1974, pigo lake la 715 la kuvusha mpira nje, lililovunja rekodi ya Babe Ruth. Picha na tarehe vinatosha.

Tunarudi Afrika Mashariki kwa ndege. Vitu vitapita?

Gongo haliruhusiwi kuingia nalo ndani ya ndege. Liweke kwenye sanduku linalokaguliwa, pamoja na yale madogo ya Louisville, ili usinyang'anywe mlangoni. Mipira, beji na kofia zinapita. Kadi za michezo na vyeti wekeni kwenye bahasha ngumu ndani ya begi la mkononi, kwa kuwa sanduku likipotea hivyo ndivyo visivyonunulika tena.